Kabla ya Kuzima Seva: Ni Nani Anayetegemea Hifadhi Yake?

Afisa TEHAMA anayetaka kuzima seva moja kati ya kadhaa zinazofanya kazi pamoja, pengine abadilishe diski au aongeze kumbukumbu, kwa kawaida hujiuliza kama mashine zitakazobaki zitaubeba mzigo. Swali hilo ni la haki, ila lina jingine linalolitangulia: ni data gani iliyomo ndani ya mashine hii ambayo haimo kwingine, na ni nani anayeihitaji wakati mashine imezimwa? Uchambuzi huu unalifuata swali hilo hatua kwa hatua, kwa mfano wa seva tatu zilizogawanywa kati ya Korogwe na Handeni.

Tuanze na istilahi. Seva moja iliyomo katika kundi huitwa nodi, na kundi zima linalosimamiwa kama mashine moja huitwa klasta. Programu zinazoendeshwa humo hufungashwa katika makontena. Kontena moja, au kadhaa yanayokaa na kuhamishwa pamoja, huitwa podi. Ndilo jina linalotumika katika Kubernetes, mfumo wa kusimamia klasta ulioanzishwa na Google na kutolewa kwa umma mwaka 2014. Voliumu ni sehemu ya hifadhi iliyotengewa podi ili iandike data yake humo. Kontena laweza kufa na kuanzishwa upya wakati wowote bila mtu kushtuka. Voliumu hutarajiwa kubaki.

Sasa mfano wetu, ambao ni wa darasani. Hospitali mbili, moja Korogwe na nyingine Handeni, zinatumia mfumo mmoja kusajili wagonjwa, kupokea malipo na kufuatilia dawa, kazi ambazo katika vituo vingi vya umma nchini Tanzania hufanywa kwa mfumo wa GoTHOMIS. Nodi mbili zipo Korogwe, tuziite A na B. Ya tatu ipo Handeni. Kati ya miji hiyo pana mkongo wa mawasiliano unaofuata barabara ya lami ya kilomita 65. Tunataka kuizima nodi B kwa saa 2.

Kubernetes ina amri ya kuandaa nodi kwa matengenezo, kubectl drain. Amri hiyo kwanza huifunga nodi isipokee podi mpya, kisha huziondoa podi zilizomo ili zianzishwe kwenye nodi nyingine. Kisichohamishwa katika kazi hiyo ni data. Podi huhama kwa urahisi kwa sababu kimsingi ni maelekezo, na maelekezo yanaweza kusomwa na nodi yoyote yenye nafasi. Voliumu ipo kwenye diski fulani, ndani ya boksi fulani, katika chumba fulani. Amri ikimaliza salama, imethibitisha kwamba programu zimeondoka. Haijathibitisha kwamba huko ziendako zitakikuta walichoandika watumiaji wake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujua voliumu zilizomo ni za aina gani, maana kila aina hujibu kivyake nodi inapoondoka.

Aina nyepesi kuliko zote ni voliumu ya muda, ambayo Kubernetes huiita emptyDir. Hiyo hufutwa podi inapoondoka kwenye nodi. Amri ya drain ikiikuta hukataa kuendelea mpaka mwendeshaji aongeze idhini ya kufuta, na wengi huiongeza kwa mazoea, bila kufungua kuona kilichomo. Mara nyingi hakuna kinachopotea, kwani humo huwekwa vitu vya kupita. Lakini kama mtengenezaji wa programu aliweka humo picha za eksirei zinazosubiri kutumwa Handeni mtandao ukirudi, idhini hiyo ya sekunde moja inazifuta. Ule ukaidi wa amri ndio ulinzi pekee uliopo hapo, na unastahili kusikilizwa.

Voliumu ya ndani imefungwa kwenye diski ya nodi moja. Maelezo yake hutaja nodi hiyo, na podi inayoihitaji haitaanzishwa mahali pengine hata kama pana nafasi tele. Tukiizima B, podi ya namna hiyo itakaa katika hali ya kusubiri kwa saa zote 2. Huduma itasimama, lakini walau itasimama waziwazi, na data itakutwa pale pale B ikiwashwa.

Kuna ndugu yake anayefanana naye sana na ambaye ni wa hatari zaidi: hostPath. Hapa podi huelekezwa tu kwenye saraka fulani ya nodi yoyote itakayoipokea, bila kumbukumbu kwamba data yenyewe ipo B. Podi ikihamia A, hufungua saraka yenye jina lilelile, huikuta tupu, na huanza kazi kana kwamba ni siku ya kwanza. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Karani wa mapokezi anamtafuta mgonjwa aliyesajiliwa wiki iliyopita, hamwoni, anamsajili upya. Jioni B inarudi na podi inarudishwa kwake. Usajili wa mchana umebaki A. Hospitali sasa ina daftari mbili za siku moja, na hakuna programu itakayoziunganisha yenyewe. Ataziunganisha mtu, mstari kwa mstari, akikisia ni jina lipi la nani. Katika aina zote, hii ndiyo ningeitafuta kwanza.

Voliumu ya mtandao hukaa kwenye seva ya hifadhi, na nodi huifikia kwa itifaki kama NFS. Ikiwa seva hiyo ni mashine ya pembeni, kuizima B hakuigusi. Tatizo huja pale ambapo, kwa uchache wa vifaa, mojawapo ya nodi ndiyo iliyopewa pia kazi ya kuhudumia hifadhi. Ikiwa nodi hiyo ni B, basi A na Handeni zinaitegemea hata kama ukiitazama orodha ya podi za B utaikuta fupi na isiyo na uzito. Na NFS inayotumika kwa utaratibu wake wa kawaida haikati tamaa: programu iliyoomba faili hungoja seva irudi, hata kwa saa nyingi. Mhudumu wa dirisha la malipo hataona ujumbe wa kosa. Ataona skrini iliyoganda.

Aina ya mwisho ni voliumu yenye nakala, kama zinavyotengenezwa na Ceph au Longhorn. Kila kipande cha data huandikwa kwenye nodi zaidi ya moja, mara nyingi tatu, ili moja ikiondoka nyingine ziwe nacho. Watu wakisikia hivyo hupumua, na kwa sehemu wana haki. Tutaona baadaye pumzi hiyo inaishia wapi.

Pengine msomaji atauliza kwa nini tusizime tu, tutazame kinachotokea, kisha tuwashe haraka. Handeni inaujua utegemezi wa namna hii kwa njia ya maji. Bomba kuu la HTM (Handeni Trunk Main) huchota maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Pampu zikisimama Korogwe, mabomba ya Handeni hayakauki dakika ileile, kwa kuwa matangi yana akiba, na anayefungua bomba saa ya kwanza atasema hakuna tatizo. Klasta nayo ina akiba zake. Kurasa zilizokwisha kusomwa hubaki kwenye kumbukumbu ya muda, miunganisho iliyokwisha funguliwa huendelea kujibu, na kasoro hujitokeza pale mtu anapoomba kitu ambacho hakijaombwa tangu asubuhi. Utulivu wa dakika kumi za mwanzo si ushahidi.

Uchunguzi wenyewe hufanywa kwa kuusoma mnyororo kinyumenyume. Mnyororo wa kawaida huanzia juu: programu ina podi, podi ina ombi la hifadhi, ombi limepewa voliumu, voliumu ipo kwenye diski, diski ipo kwenye nodi. Mwendeshaji aliyezoea kuutazama kwa mwelekeo huo huona programu moja moja. Anayetaka kuzima nodi aanzie chini: nodi B ina diski zipi, kila diski ina voliumu zipi, au nakala za voliumu zipi, kila voliumu ilipewa ombi gani, na ombi hilo ni la podi gani, iwe inaendeshwa B au kwingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Orodha ya podi zinazoendeshwa B haitoshi, kwa kuwa podi iliyo Handeni inaweza kuwa inasoma diski iliyo B.

Na kuna wategemezi wasioonekana kwenye orodha ya muda huo hata kidogo. Kazi ya kutengeneza nakala rudufu inayoanza saa 8 usiku haina podi mchana. Ripoti ya mwisho wa mwezi haina podi tarehe 12. Maombi yao ya hifadhi yapo, yakiwa kimya. Ndiyo sababu ni lazima kuorodhesha maombi yote ya hifadhi, pamoja na yale ambayo kwa sasa hayana podi.

Turudi kwenye voliumu zenye nakala. Idadi ya nakala iliyoandikwa kwenye mpangilio ni ahadi, na ahadi inaweza kuwa haijatimizwa. Tuseme diski moja ya A ilikufa wiki mbili zilizopita na hakuna aliyeliona onyo. Voliumu zilizokuwa juu yake sasa zina nakala mbili, ya B na ya Handeni. Mpangilio bado unasema tatu. Tukiizima B inabaki moja. Ceph, kwa mpangilio wake wa kawaida wa nakala tatu, huhitaji angalau mbili zilizo hai ndipo ikubali kusoma na kuandika. Ikibaki moja husimamisha kazi kwenye data hiyo, kwa makusudi, ili nakala pekee isiendelee kuandikwa bila shahidi. Longhorn ina kanuni inayozuia nodi isiondolewe ikiwa inabeba nakala ya mwisho yenye afya. Kwa mifumo yote miwili, kinachotazamwa kabla ya kuzima ni nakala zilizo hai sasa hivi, voliumu kwa voliumu.

Jambo la akidi linahitaji subira kidogo, na ndilo ambalo ramani ya Korogwe na Handeni inalionyesha vizuri. Akidi ni ileile ya kikao: idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili uamuzi uwe halali. Kumbukumbu kuu ya Kubernetes, iitwayo etcd, hukubali badiliko pale tu wajumbe zaidi ya nusu wanapokubaliana. Kwa wajumbe watatu, yaani nodi zetu tatu, akidi ni wawili. Nodi zote zikiwa hai na mkongo ukikatwa, labda na katapila linalochimba mtaro kando ya barabara, Korogwe ina wajumbe wawili na inaendelea. Handeni ina mmoja na inasubiri.

Sasa tuizime B. Wajumbe waliobaki ni A na Handeni, na wote wawili wanahitajika. Mkongo ukikatwa katika saa hizo 2, A ni mmoja kati ya watatu, na Handeni ni mmoja kati ya watatu. Hakuna upande wenye akidi. Podi zilizokuwa zikiendeshwa huendelea kwa muda, lakini hakuna inayoweza kuhamishwa wala kuanzishwa upya kwa mpango, na voliumu za Ceph, zikiwa na nakala moja kila upande, zinaacha kupokea maandishi. Hospitali zote mbili zimesimama ilhali kila moja ina umeme na ina mashine nzima. Kuizima B kumeingiza kitu kipya kwenye orodha ya vitu ambavyo mfumo hauwezi kuishi bila hivyo, na kitu hicho hakimo ndani ya B. Ni kebo ya kilomita 65. Kwa hiyo uchunguzi wa utegemezi haukamiliki kwa kuuliza tu nani anaitegemea B leo. Ni lazima kuuliza pia waliobaki watamtegemea nani B ikishaondoka.

Kwa upande wa podi zenyewe, Kubernetes huruhusu kuweka ukomo wa idadi ya podi za programu fulani zinazoweza kuondolewa kwa pamoja, na drain huheshimu ukomo huo. Uwekwe, ni kazi ya dakika chache.

Mpaka hapa tumezungumzia kuzima kwa hiari. Tofauti yake na kuzimika kwa ghafla ipo kwenye namna voliumu inavyoachiliwa. Nodi ikiondolewa kwa utaratibu, podi husimamishwa, voliumu huachiliwa, kisha huunganishwa na nodi nyingine. Nodi ikinyamaza bila kuaga, klasta haijui kama imekufa au imetengwa tu na mtandao huku ikiendelea kuandika. Kumpa mwingine voliumu hiyo kabla ya kujua ni kuruhusu waandishi wawili juu ya diski moja, na mfumo wa faili wa kawaida hauhimili hilo. Kwa hiyo klasta husubiri. Hupita kama dakika 5 kabla ya podi za nodi iliyonyamaza kutangazwa kuwa za kuondolewa, na podi za hifadhidata zaweza kukwama hapo mpaka mtu athibitishe. Tangu toleo la 1.28 la mwaka 2023, Kubernetes ina njia iliyokomaa ya kuiwekea nodi alama kwamba imetoka kazini, ili voliumu zake ziachiliwe. Alama hiyo iwekwe na mtu aliyehakikisha kwa macho, au kwa simu na aliyepo chumbani, kwamba umeme wa mashine umekatika kweli.

Katika wilaya zetu nodi huzimwa na umeme mara nyingi kuliko inavyozimwa na fundi. Aprili 1, 2024 hitilafu ya Gridi ya Taifa iliacha sehemu kubwa ya nchi gizani, na katizo dogo la mtaa mmoja halihitaji tukio la ukubwa huo. Betri ya akiba hutoa dakika. Dakika hizo zinatosha kuzima kwa mpangilio ikiwa mpangilio umeandikwa kabla: programu kwanza, hifadhidata baada yake, na nodi inayohudumia hifadhi iwe ya mwisho kuzimwa na ya kwanza kuwashwa. Hazitoshi kuanza kuuliza nani anamtegemea nani. Aidha, Kubernetes inaweza kuzisimamisha podi kwa taratibu pale mfumo endeshi unapozimwa, lakini muda wa kufanya hivyo huja ukiwa sifuri, na asiyeubadilisha hana ulinzi huo.

Voliumu hazilingani kwa thamani, na orodha inayozihesabu sawa inapotosha. Zipo ambazo programu yenyewe huzijenga upya. Zipo ambazo makarani wanaweza kuziingiza tena kutoka kwenye karatasi, kwa jasho. Na zipo zisizorudi. Kati ya 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoandikisha watoto 15,459. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Joto la mwili wa mtoto siku fulani ya mwaka 2010 halipimiki tena leo. Mbele ya data ya namna hiyo nakala tatu ndani ya klasta hazitoshi, kwa sababu kosa la kufuta hufika kwenye nakala zote tatu kwa pamoja. Panahitajika nakala rudufu iliyo nje ya klasta, nayo iwe imekwisha jaribiwa kurejeshwa.

Kuna pia gharama ya kurudi, ambayo hesabu yake ni rahisi na huachwa mara nyingi. Tuseme B ina data ya terabaiti 4. Nodi isipoonekana, Ceph kwa kawaida husubiri dakika 10, kisha huanza kutafuta pa kujenga upya nakala zilizopotea. Klasta yetu ina nodi tatu na nakala tatu, kwa hiyo hakuna pa kuzijenga. Lakini B ikirudi na diski mpya tupu, terabaiti zote 4 zinapaswa kunakiliwa kwake. Kwa mtandao wa ndani wa gigabiti 1 kwa sekunde, hizo ni takribani saa 9 mtandao ukiwa haufanyi kitu kingine. Kama chanzo ni Handeni na mkongo una megabiti 100 kwa sekunde, ni karibu siku 4. Kwa muda wote huo nakala kamili ni mbili, na hali ya hatari tuliyoieleza kwenye akidi inaendelea upande wa hifadhi. Matengenezo ya saa 2 yamekuwa ya siku 4, na mwendeshaji ameshakwenda nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Na ikiwa B inapelekwa kwa fundi nje ya wilaya, diski zake zinaondoka na majina na magonjwa ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawadai wanaotunza taarifa hizo wazilinde. Diski zitolewe na zibaki hospitalini.

Kwa klasta ya mfano wetu, basi, uamuzi ni huu. Nodi B isizimwe siku ambayo kuna voliumu hata moja yenye nakala chini ya tatu zilizo hai, wala siku ambayo kuna kazi ya kuchimba kwenye njia ya mkongo, wala kabla ya kila hostPath iliyo juu yake kupata mwenyewe anayejulikana kwa jina. Ikiwa diski inabadilishwa, ratiba iandikwe kuwa ya siku 4, na wakuu wa hospitali zote mbili waambiwe hivyo kabla, siyo saa 2. Na ikiwa upo uwezo wa ununuzi mmoja tu mwaka huu, uwe wa nodi ya pili ya Handeni pamoja na mjumbe wa tano wa akidi atakayekaa mahali pa tatu, nje ya miji hiyo miwili, kabla ya kuongeza kumbukumbu kwenye mashine yoyote ya Korogwe.